Kila msemo wa Dar ni jibu. Je, aliyeuliza ni nani?

Habari za jioni wakuu,

Mimi siwezi kukaa nyuma ya bajaji kwenye foleni bila kusoma kilichoandikwa mgongoni mwake. Foleni ya Buguruni mnaijua, kwa hiyo nimesoma sana. Nimesoma vioo vya daladala, karatasi zilizobandikwa kwenye duka la Mangi, milango ya vinyozi, na kanga za akina mama wanaopanda pantoni pale Feri. Kuna jambo nataka tulijadili.

Watu wanapenda kuiita misemo hii "falsafa za mtaani". Mimi nakataa. Mwenye falsafa hukaa akafikiri, kisha akaeleza dunia ilivyo. Msemo wa Dar hauna muda huo. Kuna mtu kasema neno mahali fulani, na huyu anamjibu. Sisi wapita njia tunasoma nusu tu ya ugomvi, tena nusu ya pili.

Chukua "Kazi mbaya ukiwa nayo". Upo kwenye bodaboda, upo kwenye mikokoteni ya madafu. Sentensi yenyewe haijaisha, kila mtu anaimalizia kichwani: ikitoweka ndipo utaijua. Lakini nani aandike hivyo bila kuchokozwa? Mweke upande wa pili yule shangazi kwenye kikao cha posa, miwani kwenye pua, anauliza taratibu: "Na kijana wetu, anajishughulisha na nini hasa?" Sasa usome tena ule mgongo wa pikipiki.

Au ile ya dukani: "Mali bila daftari hupotea bila habari". Ukiisoma haraka utadhani ni somo la uhasibu. Wapi! Inamjibu mteja anayesema "andika tu, si unanijua?" Ndiyo, anakujua. Ndiyo maana imebandikwa usawa wa macho yako, siyo ya kwake.

Kwenye kanga mambo yako wazi zaidi, maana wanawake hawajawahi kujifanya kwamba yale ni mafundisho. Kanga ina pindo, ina mji, na chini ya mji kuna jina. Majina hayo yalianza kuchapwa mwanzoni mwa karne iliyopita, mengi yakiwa kwa herufi za Kiarabu, na mfanyabiashara anayetajwa sana ni Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, yule ambaye kanga zake zilijulikana kwa "Mali ya Abdulla". Baadaye herufi zikawa hizi tunazozisoma sote. Hapa kwetu kiwanda cha Urafiki pale Ubungo, kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, kilichapa kanga kwa miaka mingi. Hapo ndipo penye akili ya jambo lenyewe. Kiwanda kinachapa maelfu ya doti zenye neno moja: "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake". Kiwanda hakimjui jirani yako. Lakini jirani yako anajijua.

Na huwezi kumpeleka mtu kwa mjumbe kwa sababu ya kanga. Utasema nini? "Mheshimiwa, huyu kavaa nguo"? Ukimfuata mwenyewe atakutazama kwa huruma na kukuuliza, "Kwani jina lako limeandikwa hapo?" Hapo umekwisha. Ukinyamaza umeumia, ukisema umekiri.

Ukiwa bado unabisha kwamba misemo ni majibu, nieleze kwa nini inapingana. Tumefundishwa "Haraka haraka haina baraka", na waliotufundisha ndio hao hao waliosema "Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako". "Mvumilivu hula mbivu", sawa, na "Ngoja ngoja huumiza matumbo" tuipeleke wapi? "Damu nzito kuliko maji", lakini ukivamiwa usiku Mbagala, ndugu yako wa Tegeta ni "Fimbo ya mbali haiui nyoka". Kama hizi zingekuwa sheria za maisha, wazee wetu wangeonekana watu wa ajabu. Ila kama ni majibu hakuna tatizo. Anayekimbia anajibiwa hivi, anayezembea anajibiwa vile. Mzee mwenye busara hakuwa mwenye methali nyingi, alikuwa anayejua itoke ipi na saa ngapi.

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe" nayo imehamia mjini bila jembe lake. Chumba kimoja Manzese, mgeni kalala sebuleni ambayo ndiyo jiko, shamba utalitoa wapi? Siku ya tatu mwenyeji anauliza kwa upole kabisa: "Hivi pale stendi ya Magufuli mabasi ya kwenu yanaanza kuondoka saa ngapi?" Ni methali ile ile, nauli tu ndiyo imebadilika.

Sasa imani. Hapa naomba tusigombane. Bajaji moja ina "Mashallah", inayofuata ina "Damu ya Yesu", na zote mbili zinapita upande usio wao. Lakini zisome kama majibu. Barabarani mtu anaandika jina la Mungu kwa sababu kuna anayemtilia shaka: tajiri mwenye chombo, mke, trafiki, jirani mwenye macho makali. "Dua la kuku halimpati mwewe" hakuliandika mtu asiye na adui. Na "Mungu si Athumani", ambayo naipenda kuliko zote, husemwa na mtu aliyekwisha kuwaendea akina Athumani wote anaowajua na wote wakamwambia mwezi huu pagumu. Ni imani kweli, siidharau. Ni imani iliyotoka kunyimwa mkopo.

Linganisha na maneno ya serikali. "Siasa ni Kilimo" mwaka 1972, "Mtu ni Afya" mwaka 1973 redioni, "Hapa Kazi Tu" mwaka 2015. Hayo hayajibu mtu, yanaagiza. Yamenyooka na hayana mzaha. Mtaa ndio ukayajibu: kazi tu ikajibiwa na "vyuma vimekaza", na hakuna aliyejua nani kaanza. Viongozi waliodumu midomoni mwa watu ni wale waliokubali kuongea kwa namna ya mtaa. Mzee Mwinyi na "Kila zama na kitabu chake", Kikwete na "Akili za kuambiwa, changanya na zako". Hizo mpaka leo utazisikia kijiweni kwenye drafti, na anayezisema wala hamfikirii rais. Anamjibu mwenzake aliyemshauri kete mbovu.

Basi wakuu, leteni msemo mlioukuta, lakini kwa sharti moja: useme ulikuwa unamjibu nani. Msemo mtupu hatutaki, hiyo hata kalenda inayo.

Nawasilisha.

*

Mama Doti

Mtoa mada umesema vizuri kwa mwanaume. Ngoja nikuongezee yale usiyoweza kuyaona ukiwa Feri.

Nimeuza kanga Kariakoo muda mrefu. Mteja akija haulizi rangi. Namfungulia doti, anaivuta mpaka kwenye jina, anasoma kimya huku midomo inacheza, anacheka kidogo au anaikunja. Rangi inakuja baadaye, na kama jina limemkolea hata rangi asiyoipenda ataibeba. Wapo wanaokuja na tatizo lao kabisa: "Dada, nina wifi." Hasemi zaidi. Mimi nami siulizi, napanda kwenye kiti nashusha za rafu ya juu.

Rafu ya juu ndiyo ya mipasho. Chini naweka za heri: "Wazazi ni dhahabu, kuwatunza ni thawabu", "Hongera mwanangu", za mwali, za arusi, za kupeleka hospitali kwa aliyejifungua. Na hizi nazo kwa hoja yako ni majibu? Mimi nasema ndiyo, lakini si ya ugomvi. Binti wa kazi za ndani anakusanya mshahara, ananunua ya "Wazazi ni dhahabu" na kuipeleka kijijini. Anajibu swali ambalo mama yake hajawahi kumuuliza kwa mdomo: umenisahau?

Halafu kuna adabu zake. Msibani huvai jina la vijembe hata kama kanga ni nzuri namna gani, labda uligeuze ndani. Nilimwona mmoja Temeke kaja matangani na "Wache waseme". Huenda hakuisoma, alivuta tu ya juu kwenye sanduku. Kuanzia siku ile ukoo mzima una tafsiri yake, na kila mtu ana ushahidi.

Jingine, kanga ukipewa huwezi kujua ni ya kweli au ni fumbo mpaka ujue aliyekupa. "Nilikudhani dhahabu kumbe adhabu" haina siri. Hatari iko kwenye zile tamu. "Majirani huishi kwa wema", ukipewa na jirani ambaye hamsalimiani, kaa chini ufikiri.

Na taarabu msiisahau. Miaka ya 1990, vikundi vya TOT na Muungano viliposhindana hapa mjini, Khadija Kopa akiwa upande wa TOT, ukumbi mzima ulikuwa wa kujibizana: huku wanarusha, kule wanadaka. Mwanamke anatoka kitini na noti mkononi anakwenda kutunza, na anapita makusudi mbele ya meza ya mtu fulani. Haimbi yeye, anaimbiwa, na aliyekusudiwa anaelewa. Ni kanga ile ile, imepewa ngoma tu.

*

Konda Mstaafu

Nakazia. Ila upande wa magari mmepita juu juu.

Daladala zimeruhusiwa rasmi mwaka 1983, shirika la mabasi la UDA lilipokuwa limezidiwa na abiria. Siku hizi ubavuni kuna rangi ya njia na majina ya vituo, hivyo ni vya mamlaka. Kioo cha nyuma ndicho kilichobaki cha kwetu. Lakini cha kwetu nani? Gari ni la tajiri. Dereva na konda wanatafuta hesabu. Tajiri akiandika yeye utaona tu: "Asante Mama", "Mungu ni mwema", jina la mtoto wa kwanza. Dereva akiruhusiwa kuandika, hapo ndipo inatoka "Hasidi hana sababu", maana yeye ndiye aliyeondolewa kwenye gari la kwanza kwa fitina za kijiweni.

Mimi nilipiga kazi kwenye gari lenye "Sisi sote abiria, dereva ni Mungu". Lilikuwa la Gongo la Mboto. Siku moja suka wetu, yaani dereva, anashindana na mwenzake kuwahi kituo, mama mmoja mtu mzima kashika bomba kwa mikono miwili, kanyanyua macho akasoma ile stika ndani. Akasema kwa sauti ya gari zima: "Konda, hebu mwambie huyo Mungu wenu apunguze mwendo, mimi nashuka Banana." Suka alicheka mpaka akapunguza. Nauli yake sikuidai.

Kuhusu imani, kuna kitu mtoa mada hujakiona. Bajaji ya mkataba, ile ambayo kijana analipa kila wiki mpaka iwe yake, mara nyingi haina maneno. Ni tupu. Siku anayomaliza deni ndiyo anakwenda kwa mchora maandishi. Kwa hiyo ukiona "Mungu hamtupi mja wake" rangi bado inang'aa, huyo katoka kulipa rejesho la mwisho. Anamjibu mwenye bajaji aliyekuwa akimpigia simu kila Jumamosi alfajiri.

*

Mpangaji

"Kukopa harusi, kulipa matanga." Ilikuwa inanijibu mimi. Naomba tusiendelee na hilo.

*

Msomi wa Kijiweni

Nyote mnachekelea, naomba niwe wa kwanza kupinga. Misemo hii inatudumaza. Mtu hajalipa kodi ya nyumba, anakwambia "Mungu si Athumani". Mtoto kashindwa mtihani, "Riziki mafungu saba". Ofisini faili lako limekaa, "Subira yavuta heri". Mkubwa kala fedha za watu, "Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake", na tunacheka, yameisha! Mzaha umechukua nafasi ya hasira. Taifa lenye jibu la kila kitu linaacha lini kujibu na kuanza kuuliza?

*

Mtoa mada

Mkuu, hoja yako nzito na sitaipita kwa msemo.

Angalia lakini nani anasema ipi. "Subira yavuta heri" sijawahi kuisikia kutoka kwa aliye kwenye foleni. Huisema aliye ndani ya dirisha. Aliye kwenye foleni, akigeuka kwa mwenzake, husema "Ngoja ngoja huumiza matumbo". Lawama yako ni ya haki kwa yule wa dirishani: anatumia neno la wazee kama kitasa. Lakini huyu wa foleni amebakiwa na nini kingine? Akipaza sauti ataambiwa arudi kesho. Akitupa methali, watu sita nyuma yake wanacheka, na yule wa ndani anasikia kicheko na anajua kinamhusu. Nimeona dirisha likifunguliwa kwa sababu hiyo. Si kila siku, lakini nimeona.

Ile ya mbuzi na kamba nakubaliana na wewe kabisa. Zamani ilikuwa ya kumwambia mtu aishi kwa kipato chake. Sasa imekuwa kibali cha wizi, na anayeisema hukonyeza jicho. Huo ni msemo ulioibwa, tena mchana. Ningependa tuudai urudishwe.

"Mungu si Athumani" hapana, hiyo niachie. Anayeisema kesho alfajiri utamkuta barabarani anatembeza maji. Anayekata tamaa hasemi kitu, analala.

*

Mkazi wa Kimara

Mmegundua mabasi ya mwendokasi hayana maneno? Tangu yaanze mwaka 2016 napanda Kimara mpaka Kivukoni, na kila ninachosoma ndani ni maelekezo: shikilia, usisimame hapa, viti vya wazee na wajawazito. Basi lote halina hata "Wivu acha". Limejaa mpaka milango inalia, na hakuna anayejibu chochote. Labda kwa sababu halina mwenyewe. Konda hayupo, suka yuko kwenye kioo chake, utamjibu nani?

*

Konda Mstaafu

Mkazi wa Kimara, majibu yapo, yako milangoni. Panda saa kumi na moja jioni pale Gerezani usikilize wanaosukumana. Yule anayesema "Penye wengi pana Mungu" huku kakukanyaga, huyo ni wa daladala kabisa, kahamishwa tu.

*

Mume Mpya

Wakuu samahani, natoka nje kidogo ya mada. Nimeoa mwezi uliopita, Jumapili nakwenda ukweni Kigamboni kwa mara ya kwanza tangu harusi. Nilikuwa nimenunua doti moja ya mama mkwe, nzuri, ya bluu. Baada ya kusoma uzi huu nimeitoa kwenye mfuko nikasoma jina: "Mdhaniaye ndiye siye, kumbe siye ndiye". Muuzaji aliniambia ni ya heshima. Mama Doti, naomba msaada, na uniambie kweli.

*

Mama Doti

Mwanangu, hiyo usiipeleke. Yeye ataisoma kwamba alimtaka mkwe mwingine. Na kama kweli alimtaka mwingine, ndiyo kabisa.

Irudishe dukani kabla hujaikata. Ikishakatwa na kukungwa hawaipokei. Waambie unataka ya mzazi, isome wewe mwenyewe herufi kwa herufi, usimwachie muuzaji, maana sisi tukiwa na mzigo mwingi wa jina moja kila kitu ni cha heshima. Rangi chukua yoyote asiyokuwa nayo, muulize mkeo.

Na usinunue moja. Chukua na ya mkeo, naye jina lake lisiwe tamu kuliko la mama yake.

*

Mume Mpya

Mkeo... namaanisha mke wangu anauliza "Ukipenda boga, penda na ua lake" inafaa kwa nani kati yao.

*

Mama Doti

Hiyo inakufaa wewe. Ununuliwe.